Wahome Mutahi: Mcheshi wa Nyeri aliyeanza kwa kujicheka mwenyewe

KWA takriban miaka ishirini, familia nyingi nchini Kenya zilikuwa na mazoea ya kugombania gazeti kila Jumapili. Kilichowafanya wagombane hakikuwa habari za siasa zilizojaza ukurasa wa kwanza. Ilikuwa safu moja ya ndani ambayo mwandishi wake alijieleza kuwa mpenda pombe, mwenye jicho la kutangatanga na mume ambaye amri zake hazitekelezwi katika nyumba yake mwenyewe.

Safu hiyo iliitwa Whispers, yaani Minong'ono, na mwandishi wake alikuwa Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri. Wasomaji waliizoea mno hivi kwamba jina la safu likageuka kuwa jina la mwandishi. Hadi alipofariki mnamo Julai 22, 2003, wengi walimfahamu kwa jina la Whispers kuliko lile alilopewa na wazazi.

Maisha yake yana somo kwa mjadala ambao haujapata kuisha nchini: je, ucheshi uwekewe mipaka? Na ikiwa ni lazima uwekewe, ni nani anayestahili kuichora mipaka hiyo: serikali, kanisa, wasomaji au mcheshi mwenyewe? Mutahi alikabiliana na maswali hayo katika chumba cha habari, gerezani na katika baa za miji inayouzunguka Mlima Kenya.

Mtoto wa miaka ya hali ya hatari

Wahome Mutahi alizaliwa Oktoba 24, 1954. Wakati huo Nyeri ilikuwa kitovu cha vita vya Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari miaka miwili awali, Oktoba 1952, na katika mwaka huo wa 1954 ilianza kuwahamisha wakazi kwa nguvu kutoka mashamba yao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari.

Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka miwili tu Dedan Kimathi alipokamatwa na kufikishwa mbele ya mahakama mjini Nyeri. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957. Kizazi cha Mutahi kilikulia miongoni mwa watu waliokuwa wamejifunza kuchunga ndimi zao, kwa maana neno moja lililosikika na mtu asiyefaa lingeweza kumpeleka mtu kizuizini.

Nguvu nyingine iliyolitawala eneo hilo ilikuwa Kanisa Katoliki. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walikuwa wamefika katika nchi ya Agikuyu mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakajenga misheni, shule na hospitali Nyeri na kwingineko. Rozari, katekisimu na padri wa Kiitaliano anayezungumza Kikuyu kwa lafudhi ya kwao yalikuwa mambo ya kawaida kwa mtoto aliyekulia huko.

Mambo hayo yote Mutahi aliyahifadhi moyoni. Alisoma hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akafanya kazi kwa muda kama afisa katika utawala wa mikoa. Kazi hiyo ilimpa nafasi ya kuiona serikali kutoka ndani, pamoja na barua zake, mihuri yake na machifu wake, kabla ya kugeukia uanahabari.

Nyumba ya Whispers

Safu ya Whispers ilianza mwaka wa 1982, na kwa nyakati mbalimbali ilichapishwa katika Sunday Standard na Sunday Nation. Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Mnamo Juni bunge lilibadilisha katiba na kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Mnamo Agosti 1, wanajeshi wa kikosi cha angani walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi wakashindwa. Kuanzia hapo, hofu ilitanda vyuoni, magazetini na hata katika vilabu vya pombe.

Wakati huo mtu hangeweza kumcheka rais hadharani. Mnamo 1984 Rais Moi mwenyewe aliwataka mawaziri na viongozi wengine wauimbe wimbo wake kama kasuku. Wahariri walijua mstari ulipochorwa, na aliyeuvuka alijua kilichomngoja.

Mutahi aliukwepa mstari huo kwa kuingia nyumbani kwake. Alibuni familia na kuifanya taifa dogo. Mkuu wa familia hiyo alikuwa Whispers, mwana wa udongo kutoka mitelemko ya Mlima Kenya, aliyeamini kuwa neno lake ni sheria. Mkewe alipewa jina la Thatcher, kutokana na waziri mkuu wa Uingereza aliyesifika kwa msimamo wake mkali. Binti yao aliitwa Investment, yaani rasilimali, kwa sababu baba alikuwa akipiga hesabu ya mahari. Mwana wao, Whispers Junior, alielezwa kama jambazi wa nyumbani.

Kando yao alikuwepo mama mzazi, Appepklonia, Mkatoliki ambaye rozari haikumtoka mkononi, pamoja na Padri Camissassius, mmisionari Mwitaliano ambaye watu wa Nyeri walimtambua mara moja, kwa kuwa kila parokia ilikuwa imewahi kuwa na mmoja wa aina yake.

Lugha ya safu hiyo ilikuwa Kiingereza, lakini Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Ilikuwa lugha ya mtu aliyezaliwa kijijini, akasomea shule ya misheni na kuishia katika mtaa wa Nairobi. Msomaji kutoka Karatina, Kisumu au Mombasa alijiona humo.

Mbinu yake ilikuwa nyepesi kuieleza ila ngumu kuiiga. Kabla ya kumcheka mtu yeyote, Mutahi alijicheka mwenyewe. Whispers ndiye aliyerudi nyumbani akiyumbayumba, na ndiye aliyetoa amri zisizosikizwa. Wahenga husema nyani haoni kundule. Mutahi aliamua kulitazama la kwake kwanza, tena mbele ya taifa zima.

Baada ya hapo ndipo msomaji alipoanza kushuku jambo. Baba anayedai kuheshimiwa ilhali hajui kinachoendelea jikoni, anayeona njama katika kila mnong'ono wa watoto wake, je, hakufanana na mtu mwingine? Hakuna mahali palipoandikwa jina la kiongozi. Msomaji ndiye aliyejaza pengo hilo, na hakimu hangeweza kumfunga mtu kwa sababu ya kicheko cha msomaji.

Vyumba vya Nyayo House

Hata hivyo, ujanja huo haukumkinga. Mnamo 1986 serikali iliendesha msako mkali dhidi ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoupinga utawala wa Moi. Wahadhiri, wanafunzi, wanahabari na wakulima walikamatwa. Miongoni mwao alikuwa Wahome Mutahi pamoja na ndugu yake, Njuguna Mutahi.

Washukiwa wa Mwakenya walizuiliwa katika vyumba vya chini ya ardhi vya jumba la Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi. Wengi waliotoka humo wamesimulia kuhusu giza, njaa, kipigo na sakafu zilizojazwa maji. Wengi pia walifikishwa mahakamani bila mawakili, wakakiri mashtaka na kuhukumiwa kwa muda mfupi mno. Mutahi naye alifungwa jela kwa kosa linalohusiana na uchochezi.

Ni vyema kueleza kuwa hakufungwa kwa sababu ya mzaha fulani aliouandika. Lakini katika miaka hiyo, utawala haukuona tofauti kubwa kati ya mtu anayecheka na mtu anayepanga njama. Mwandishi aliyewazoesha watu kumtazama baba wa nyumba kwa jicho la kejeli tayari alikuwa mtu wa kushukiwa.

Gereza lilimtwika jambo ambalo safu ya Jumapili isingeweza kulibeba. Mnamo 1991 alichapisha riwaya ya Three Days on the Cross, inayohusu watu wasio na hatia wanaokamatwa na kuteswa kwa madai ya kula njama dhidi ya mtawala wa nchi isiyotajwa. Kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwaka wa 1992 alitoa The Jail Bugs, kuhusu maisha ya wafungwa.

Wasomaji waliomfahamu kwa vichekesho walishangaa. Katika riwaya ya kwanza kicheko ni kidogo mno. Inaonekana Mutahi mwenyewe alitambua kuwa yapo mambo ambayo mtu hapaswi kuyafanyia mzaha yanapokuwa bado yanavuja damu. Mpaka huo aliuchora yeye mwenyewe, bila kuamriwa na afisa yeyote.

Lakini hakuacha ucheshi. Alirejea kwenye safu yake, na wale ambao huenda walitaraji kuwa jela ingemfunga mdomo walipigwa na butwaa. Mnamo 1996 alichapisha How to Be a Kenyan, kitabu kilichoziweka tabia za Wakenya mezani moja baada ya nyingine. Hakumsaza mtu, wala hakujisaza.

Mtukufu jukwaani

Kufikia wakati huo nchi ilikuwa imebadilika. Kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja pekee kilikuwa kimeondolewa Desemba 1991, na watu walianza kusema hadharani yale waliyokuwa wakiyanong'ona. Mutahi, kupitia kundi lake la Igiza Productions, aliupeleka ucheshi wake kwenye jukwaa, tena kwa lugha ya Kikuyu.

Hatua hiyo ilikuwa na historia nzito. Mnamo 1977 wakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Serikali iliipiga marufuku na Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Mnamo 1982 ukumbi wa wanakijiji hao ulibomolewa. Ujumbe ulikuwa bayana: mwandishi angeweza kuvumiliwa akiandika Kiingereza kwa wasomi, lakini si akizungumza na mkulima kwa lugha ya mama yake.

Mutahi hakujenga ukumbi ambao ungeweza kubomolewa. Aliigiza katika baa na vilabu, Nairobi na katika miji ya eneo la kati, mahali ambapo watu tayari walikuwa wameketi wakila nyama choma na kunywa bia. Hakukuwa na pazia wala viti vya safu. Mwigizaji alipita kati ya meza, na mtazamaji aliyetaka kumjibu alimjibu.

Tamthilia iliyovuma zaidi ilikuwa Mugaathe Mubogothi, jina linaloweza kutafsiriwa kama Mtukufu Mwenye Kuweweseka. Katika nchi ambayo rais aliitwa Mtukufu katika kila taarifa ya habari ya redio, hakuna aliyehitaji kuelezewa ni nani aliyelengwa. Nyingine zilikuwa Makaririra Kioro, Ngoma cia Aka na Igoti ria Muingi, yaani Mahakama ya Umma.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Mtu aliyekuwa akijificha nyuma ya mume mlevi na mke mkali sasa alimsimamisha mtawala katikati ya baa na kuwaacha wanywaji wamcheke. Kwa watu ambao wazazi wao walifundishwa kunyamaza katika vijiji vya hali ya hatari, kicheko hicho kilikuwa zaidi ya burudani. Kilikuwa njia ya kugundua kwamba jirani yako naye amechoka.

Waliochekwa bila kupewa nafasi ya kujibu

Pamoja na sifa hizo zote, si haki kumsimulia Mutahi kana kwamba kila mzaha wake ulimlenga mwenye nguvu. Wasomaji wengine, hasa wanawake, walikuwa na sababu ya kulalamika.

Binti kuitwa rasilimali kwa sababu ya mahari kulichekesha, na lengo likaonekana kuwa kumkejeli baba mwenye tamaa. Lakini kwa msichana wa kijijini Mathira au Tetu ambaye babake kweli alikuwa akipiga hesabu hiyo, mzaha ule ulikuwa karibu mno na maisha. Vivyo hivyo mke anayechorwa kama jemadari wa nyumba. Wapo waliomwona Thatcher kuwa mwanamke mwenye akili kuliko mumewe, na wapo waliomwona kuwa picha ile ile ya kale ya mwanamke msumbufu ambaye mwanamume hulazimika kukimbilia baa ili kumwepuka.

Suala la pili lilikuwa lugha na kabila. Tamthilia za Kikuyu zilichezwa mbele ya Wakikuyu kwa wingi, na aliyechekwa alikuwa rais kutoka jamii nyingine. Mutahi alikuwa akiucheka utawala. Lakini mcheshi hawezi kuchagua sababu inayomfanya kila mtu aliye kwenye meza ya nyuma acheke. Miongoni mwa waliocheka, pengine mmoja aliicheka dhuluma na mwingine aliicheka jamii ya mtawala.

Jambo la kuzingatia ni hili: dola haikuwahi kushughulika na malalamiko ya aina hiyo. Mizaha kuhusu wanawake, walevi na watu wa kijijini ilipita bila afisa yeyote kukasirika. Kilichoamsha polisi na mahakama kilikuwa shaka kwamba mkubwa amedharauliwa. Mipaka iliyowekwa na serikali ilimlinda aliyekuwa tayari na walinzi, ikamwacha asiye na mlinzi ajitetee mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mutahi alikuwa na kinga moja tu dhidi ya lawama hiyo, nayo ni kwamba aliyejeruhiwa zaidi katika hadithi zake alikuwa Whispers mwenyewe. Mwanamume wa Kikuyu wa kutoka Nyeri, msomi, Mkatoliki na mpenda bia, ndiye aliyeanguka mtaroni karibu kila Jumapili. Kinga hiyo haikutosha kwa kila msomaji, lakini haikuwa ndogo. Wacheshi wengi waliokuja baadaye walirithi ulimi wake bila kurithi desturi hiyo.

Siku 137

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulihitimisha miaka 24 ya utawala wa Moi. Aliyeapishwa mnamo Desemba 30 alikuwa Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, Nyeri. Mapema 2003 serikali mpya ilivifungua vyumba vya mateso vya Nyayo House ili umma ujionee.

Huo ndio ungekuwa mtihani mkubwa zaidi wa Mutahi. Je, angemcheka rais aliyetoka nyumbani kwao kwa makali yale yale aliyomchekea nayo Moi? Je, watu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wangeketi katika baa zile zile na kushangilia, au wangemwona msaliti? Mzaha kumhusu mtawala wa mbali ni rahisi kuuvumilia. Mzaha kumhusu mwana wa nyumbani ndio hupima kama watu wanapenda ucheshi au wanapenda tu kumwona mwingine akiumbuliwa.

Mtihani huo hakuufanya. Mnamo Machi 7, 2003, Mutahi alilazwa katika hospitali mjini Thika kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuondoa uvimbe nyuma ya shingo. Hakurejewa na fahamu. Alihamishiwa Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, ambako taifa lilifuatilia hali yake kwa wiki nyingi. Alifariki baada ya kuwa katika hali hiyo kwa siku 137. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Mnamo 2006 Chama cha Wachapishaji cha Kenya kilianzisha tuzo ya fasihi yenye jina lake.

Mjadala aliouacha

Miaka minne baada ya kifo chake, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia hizo iliangazia pia jinsi baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji vilivyochangia chuki. Wakenya walijifunza kwa uchungu kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwamba jina la utani linalopewa kabila fulani leo huenda likawa alama ya kumtambulisha wa kuuawa kesho.

Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka wa 2008, na Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 33 ikalinda uhuru wa kujieleza, huku ikiondoa katika ulinzi huo matamshi ya chuki na uchochezi wa ghasia. Huo ni mpaka unaomkinga asiye na nguvu, na ni vigumu kuupinga.

Tatizo ni kwamba mpaka wa zamani, ule wa kumkinga mkubwa, haujafutika. Mwishoni mwa 2024, vijana waliosambaza vibonzo vya kumkejeli rais walitekwa nyara na kuachiliwa siku kadhaa baadaye. Mnamo Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walizuiwa kuigiza tamthilia ya Echoes of War katika mashindano ya kitaifa ya drama mjini Nakuru, na polisi wakawarushia umma vitoa machozi. Waliokumbuka Kamiriithu hawakuhitaji kukumbushwa.

Maisha ya Wahome Mutahi hayamwachi mtu aseme kwamba ucheshi hauna mipaka. Yeye mwenyewe alikuwa nayo, na mahali pengine ilimshinda kuiona. Lakini yanamfundisha msomaji swali la kuuliza kila mara mtu anaposema kuwa mzaha umepita kiasi: ni nani aliyeumia? Iwapo ni mnyonge asiye na pa kujibia, mcheshi ajirudi. Iwapo ni mtukufu mwenye askari mlangoni, huenda mzaha umefika ulikotumwa.